Saa za Wenyewe

Jioni ya tatu tangu nifike, nilikuwa nakatiza soko dogo karibu na stendi, mkono mmoja mfuko wa maembe mabichi, mkono wa pili ndoo mpya ya plastiki, nikaona watu wananikodolea macho. Kutazamwa nilishaanza kukuzoea, lakini safari hii kulikuwa na jambo. Mama muuza samaki alikuwa ameinua kisu juu ya kichwa cha samaki na kisu hakishuki. Kijana mmoja ameteremka kwenye baiskeli, kasimama kando yake wima kama anayepigwa picha ya pasipoti. Soko zima limeganda, ninayetembea ni mimi peke yangu, ndoo inanigonga gotini, ko, ko, ko. Baada ya hatua kama kumi ndipo masikio yalipozibuka: kwenye vipaza sauti vilivyofungwa nguzoni ulikuwa unapigwa wimbo wa taifa. Nikasimama pale pale, mguu mmoja ndani ya dimbwi. Wimbo ulipokwisha kisu kikashuka, baiskeli ikaondoka, na kelele za soko zikarudi mahali pake.

Ilikuwa saa 12 jioni kamili. Thailand wimbo wa taifa hupigwa kila siku saa 2 asubuhi bendera inapopanda na saa 12 jioni inaposhuka, redioni, kwenye televisheni, stendi, stesheni na bustani za mji. Aliyepo husimama. Kwetu tunaambiana kwamba ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Methali haisemi uvunje saa ngapi.

Nimeanza na saa makusudi. Nikirudi likizo Tanga na watu wakiniuliza nilizoeaje, hutaka kusikia habari za chakula na lugha. Vyote viwili vilikuwa na vituko vyake, nitavifikia. Lakini kilichonifanya nijione mgeni kwa miezi ni kutojua saa ipi ni ya nini: saa ya kuamkia, saa ya kusimama, saa ambayo maji hutoka kwa nguvu bombani, saa ambayo si adabu kubisha hodi kwa mtu. Wenyeji hawakufundishi hayo, kwa sababu hawajui kwamba wanayajua.

Nilitua Bangkok Mei 2018, mwaka ambao Wathai wanauita 2561, kwa kuwa wao huhesabu kwa kalenda ya Budha na wametutangulia kwa miaka 543. Viza nilikuwa nimeifuata Nairobi, kwenye ubalozi wao. Uwanja wa ndege, kabla ya kufika kwa maofisa wa uhamiaji, sisi tuliotoka upande wetu wa dunia tulipitishwa kwanza dawati la afya kuonyesha kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Jioni ile ile nikapanda basi la usiku kuelekea kusini, kilomita zaidi ya 700, hadi mkoa wa Nakhon Si Thammarat. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya serikali kupitia wakala.

Hapo kwenye ajira nisimame kidogo. Katika soko la walimu wa Kiingereza Asia, lugha ina wenyewe, na wenyewe wanajulikana kwa pasipoti. Ukiwa na ya Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand au Ireland, wewe ni msemaji wa asili. Afrika Kusini wakati mwingine imo kwenye orodha, wakati mwingine haimo, inategemea nani kaiandika. Sisi wengine tunaombwa uthibitisho. Mimi niliombwa alama zisizopungua 600 kati ya 990 za mtihani wa TOEIC, ingawa shahada yangu yote niliisoma kwa Kiingereza na nilikuwa nimekifundisha miaka mitano. Nikafanya, nikapita vizuri, nikapewa mkataba wa baht 23,000 kwa mwezi, kama shilingi milioni 1.6 za wakati ule. Kijana wa Kiingereza tuliyeripoti naye wiki moja, ambaye hakuwa amewahi kushika chaki, alipewa 35,000. Alikuwa mtu mwema na alilisema mwenyewe kwa aibu tukiwa tunakunywa chai. Mwalimu wa Kifilipino aliyekuwa pale mwaka wa sita, na ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu bora kuliko sisi wote, alikuwa anapata chini yangu. Alituangalia, akakoroga kikombe chake, akasema sukari ya hapa haiyeyuki upesi.

Sikulia. Baht 23,000 zilikuwa zaidi ya mara mbili ya nilichokuwa napokea nyumbani. Lakini nilianza kazi nikiwa na lile neno kichwani, *asili*, na nilikuwa nalitazama kama mtu anavyotazama kokoto iliyoingia kiatuni.

Chumba nilipata kwa baht 3,000, feni na kitanda cha mbao, nyuma ya mgahawa wa mama mmoja mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Paa. Paa ni shangazi, tena shangazi mkubwa, yule anayemzidi mama yako umri. Wathai nao hawamwiti mtu asiyemjua kwa jina kavu. Muuza duka aliyekuzidi ni kaka au dada mkubwa, mhudumu mdogo ni mdogo wako, mzee wa pikipiki ni mjomba. Kijana wa Kiingereza alihangaika na mambo hayo wiki nzima, maana ilimbidi akadirie umri wa kila mtu kabla ya kuomba chumvi. Mimi niliingia nayo siku ya kwanza bila kuambiwa. Mtu aliyekua akisema shikamoo tangu anajua kusema, hesabu hiyo huifanya bila kufikiri.

Sauti moja pia niliingia nayo bure. Kithai kina maneno mengi yanayoanza na ile *ng* ya ng'ombe: kazi ni *ngaan*, fedha ni *ngoen*, nyoka ni *ngu*. Wazungu walikuwa wanaikwepa sauti hiyo au wanaitanguliza na irabu, mimi naitoa kama natoa ng'ombe zizini. Nikajiona mjuzi. Kisha nikakutana na toni. Kithai kina toni tano, na Kiswahili, tofauti na majirani zake wengi wa Kibantu, hakina hata moja. Neno la mbali ni *klai*. Neno la karibu nalo ni *klai*, ila sauti inashuka. Jioni moja nilimuuliza mjomba wa pikipiki kama posta ni mbali. Akajibu, “klai.” Nikauliza, ni karibu? Akajibu, “klai,” na kunyoosha mkono barabarani. Nililipa baht 20 nikashushwa baada ya mwendo mfupi kuliko wa kwenda msikitini na kurudi. Kwa mtu ambaye lugha yake hutumia neno karibu kumwambia mgeni aingie ndani, hili lilinikaa moyoni muda mrefu.

Mengine ya siku hizo za mwanzo yalikuwa madogo madogo. Maji ya kunywa unachota kwenye mashine kando ya barabara, baht moja kwa lita, ukisahau kuweka dumu sawasawa yanamwagika na shilingi yako inaondoka nayo. Mafuta ya kupaka yalinipa kazi: rafu nzima ya duka, chupa baada ya chupa, kila moja inaahidi kukung'arisha ngozi. Mkorogo kwetu unauzwa kwa kificho, kule umepangwa karibu na dawa ya meno. Nikanunua mafuta ya nazi nikanukia kama bibi yangu. Nywele nilinyoa mwenyewe kwa mashine, nikajikata sikio, nikaacha kunyoa wiki mbili.

Paa alikuwa amegundua siku ya pili kwamba sili nguruwe. Sentensi yangu ya kwanza ya Kithai iliyokamilika ilikuwa *mai sai mu*, usitie nguruwe. Kusini mwa Thailand si jambo geni, kuna Waislamu wengi, na mtaa wa pili kulikuwa na mzee aliyeuza roti na chai ya maziwa asubuhi. Roti ile ni chapati, ndugu msomaji, chapati hasa, inapigwa na kurushwa, isipokuwa wanaimwagia maziwa ya kopo. Siku niliyomsalimia yule mzee kwa salamu alekum aliniongezea ya pili bila kulipisha, akaniuliza kwa ishara nimetoka wapi, nikasema Tanzania, akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu aliyetajiwa nyota ya mbali.

Basi Paa akanitengea sufuria langu. Mchana mmoja Jumamosi nikamkuta nyuma ya mgahawa anakuna nazi. Alikuwa amekaa juu ya kibao kifupi chenye miguu, na mbele ya kibao limechomoza jino la chuma lenye meno madogo, nusu ya nazi mkononi, nazi iliyokunwa inadondokea kwenye sinia. Nikacheka kwa sauti. Akauliza nacheka nini. Nikamwomba anipishe, nikakaa, nikavuta nazi kama nilivyofundishwa nilipokuwa kitindamimba pekee nyumbani na dada zangu wameshaolewa: unaanzia pembeni, unazungusha, hugusi kifuu, maana ukikigusa tui linakuwa jeusi. Paa akaita majirani. Walikuja wanne kumwangalia mwalimu wa Kiingereza kutoka Afrika anakuna nazi.

Nikamuuliza kifaa hiki kinaitwaje. *Kratai*, akasema. Kratai ni sungura. Ndivyo wanavyokiita, sungura, na vya zamani walikuwa wakivichonga kwa umbo lake kabisa. Nikataka kumwambia kwamba sisi tunakiita mbuzi, lakini neno la mbuzi kwa Kithai sikuwa nalo. Ikabidi nilie kama mbuzi. Majirani waliondoka wakilia mee hadi barabarani, na tangu siku hiyo nilikuwa Mwalimu Mbuzi kwa mtaa mzima, jina ambalo wanafunzi walilipata kabla ya Jumatatu.

Ugali, kwa upande mwingine, ulinishinda. Thailand ni miongoni mwa nchi zinazouza muhogo mwingi zaidi duniani, nikajua unga wa muhogo hautakosekana. Nikanunua pakiti nyeupe nzuri, nikachemsha maji, nikasonga. Kumbe kile si unga, ni wanga mtupu. Sufuria likajaa gundi inayong'aa, mwiko ukasimama katikati peke yake. Paa alikuja akaitazama, akachovya kidole, akaniletea wali.

Wiki ya nne tulifika kwenye somo la saa.

Darasa lilikuwa Matthayom 1, yaani kidato cha kwanza cha kwao, watoto 43 wa miaka 12 na 13, viatu vimepangwa nje ya mlango. Kitabu kilikuwa na picha: mvulana anaangalia televisheni, dirishani kuna mwezi, ukutani saa inaonyesha mshale mfupi kwenye 9. Andika ni saa ngapi. Nilikusanya madaftari, na kwenye meza ya walimu nikamkuta kijana wa Kiingereza anasahihisha ya darasa lake huku anapumua kwa nguvu. Watoto wengi walikuwa wameandika kwamba ni saa tatu, *three o'clock*. Si mmoja wala wawili. Alisema hawajui hata kusoma mshale.

Nikafungua yangu. Saa tatu, saa tatu, saa tatu. Nikahisi nimerudishwa Tanga mwaka wa kwanza wa sekondari. Sisi wa shule za msingi za serikali tulisoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, kisha Januari moja tukaamka tunafundishwa baiolojia kwa Kiingereza. Mwalimu aliuliza shule inaanza saa ngapi. Nikanyoosha mkono kwa kujiamini, nikamwandikia ubaoni kwa Kiingereza kwamba inaanza saa moja na nusu. Darasa zima liliona nimejibu sahihi. Mwalimu alichora mkasi mwekundu.

Nikaenda kwa Paa na saa ya mkononi, nikamwomba anisomee siku nzima. Wathai, katika mazungumzo ya kawaida, hugawa siku mafungu manne ya saa sita sita. Za mchana huitwa *mong*, mlio wa kengele kubwa ya shaba iliyokuwa ikigongwa zamani. Za usiku huitwa *thum*, mlio wa ngoma. Usiku ukianza wanaanza kuhesabu upya: saa ile ambayo Mzungu anaiita saba, wao ni *thum* ya kwanza. Inayofuata ya pili. Saa tatu usiku yetu ni *sam thum*, tatu kamili. Saa nne ni nne, saa tano ni tano. Na asubuhi, ingawa vijana sasa wanahesabu vingine, watu wa umri wa Paa bado wanasema saa ya kupandisha bendera ni *song mong chao*: saa mbili asubuhi. Nilimkatiza nikamwambia, Paa, hizi ni saa zetu. Hakuona ajabu. Kwake hizo ni saa tu, kwani kuna nyingine?

Ajabu inakuja kwenye mafungu mengine mawili. Baada ya adhuhuri wanaanza tena moja, na baada ya usiku wa manane wanaanza tena moja, ambapo sisi tunaendelea saba, nane, tisa. Kwa hiyo nusu ya siku tunakwenda pamoja, nusu tunaachana.

Darasani nikachora ubaoni saa mbili. Moja nikaiandika Kithai, ya pili Kiswahili, nikaweka mishale sawa, nikawaonyesha kwamba mimi pia niliwekewa mkasi kwa kosa hili hili. Ukimya uliofuata sitausahau. Mtoto wa nyuma akauliza kwa Kithai, mwalimu, na wewe ulijifunza Kiingereza? Nikajibu ndiyo, nilikuwa mkubwa kuliko wewe. Walikuwa wanaamini mwalimu wa Kiingereza anazaliwa nacho. Tukakubaliana kwamba Waingereza wana saa zao, na tunapokwenda kwao tunaongeza sita, kama mtu anavyobadilisha fedha mpakani.

Tangu hapo nikawa nasikia makosa yao kwa sikio jingine. Wao neno la Kiingereza likiishia konsonanti wasiyoizoea, huikata au huibadilisha: hoteli ni *hoten*, mpira wa miguu ni *futbon*. Sisi tunaongeza irabu: *benki*, *basi*, *futiboli*. Ni ugonjwa mmoja, tiba mbili. Siwezi kusema kijana wa Kiingereza hakuweza kufundisha hayo, alikuja kuwa mwalimu mzuri. Ila ilimbidi ayasome. Mimi nilikuwa nayakumbuka.

Mwishoni mwa Juni mkuu wa idara yetu alitualika kwake kula. Kiingereza chake kilikuwa cha vitabuni na cha upole, na alitutajia saa: *two at night*. Kijana wa Kiingereza aliona hakuna mtu anayealika wageni usiku wa manane, akaamua mama wa watu kakosea, atakuwa amekusudia saa 8 mchana. Alifika saa 8 mchana na shada la maua, akakuta familia imelala kwa joto, akakaa sebuleni saa sita akiangalia mieleka na babu wa nyumba. Mimi nilifika saa mbili usiku kwa raha zangu, samaki ndiyo kwanza anatolewa jikoni.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa haiongei jambo jingine ila pango. Tarehe 23 Juni watoto 12 wa timu ya mpira na kocha wao waliingia pango la Tham Luang, Chiang Rai, kaskazini kabisa, na maji ya mvua yakaziba njia nyuma yao. Kutoka kwetu ni kama kilomita 1,500, lakini shuleni ilikuwa kama wamepotea uwanja wa nyuma. Kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa waliombewa. Watoto wangu walikuwa na umri ule ule, wengine walikuja na viatu vya mpira mifukoni.

Usiku wa Jumatatu tarehe 2 Julai wapiga mbizi wawili Waingereza, Rick Stanton na John Volanthen, waliibukia kwenye kina cha pango wakawakuta hai, wamejikunyata juu ya mwinuko. Video ilikuwa kwenye kila simu kabla ya mapambazuko. Jumanne niliingia darasani nikakuta hakuna anayesimama kunisalimia. Walikuwa wamejikusanya kwenye simu tatu, wanarudisha nyuma, wanasikiliza tena. Mpiga mbizi anauliza kwa Kiingereza mko wangapi. Gizani sauti ya mtoto inajibu, kumi na tatu. Kisha watoto wanauliza leo ni siku gani, na wanaambiwa ni Jumatatu, wamekaa humo siku kumi.

Aliyekuwa akizungumza na wapiga mbizi ni Adul Sam-on, mwenye miaka 14. Kiingereza kilikuwa moja ya lugha tano anazozijua; nyingine ni Kithai, Kiburma, Kichina na Kiwa cha nyumbani kwao Myanmar. Hakuwa na uraia wa Thailand wala wa nchi yoyote. Katika lile pango, mtoto aliyekuwa na Kiingereza cha kutumia hakuwa hata na pasipoti ya kupimiwa.

Wiki nzima sikufungua kitabu. Waliniomba niwafundishe kile kipande cha video, neno kwa neno, mko wangapi, sisi kumi na tatu, leo siku gani, tuna njaa, mnatoka wapi. Walikigawana: wawili wapiga mbizi chini ya meza yangu na tochi za simu, kumi na watatu juu ya madawati. Mtoto mmoja aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo tangu Mei alidai awe Adul, na akasema kila neno mpaka mwisho, likiwa na *s* yake. Ijumaa ile alifariki Saman Kunan, aliyekuwa mwanajeshi wa majini, akirudi kupeleka mitungi ya hewa mle pangoni, na mchezo wetu ukasimama. Tarehe 10 Julai wote 13 walikuwa wametoka. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 8 Agosti, Adul, wenzake wawili na kocha walipewa uraia. Mkuu wa idara alibandika picha yao kwenye ubao wa matangazo, chini kabisa, mahali ambapo wanafunzi wafupi wanafikia.

Mwezi huo huo nilifikisha siku 90, nikaenda uhamiaji kuripoti makazi, kama anavyofanya mgeni wa viza yangu kila siku 90. Nilikaa kwenye benchi na kijana wa Kiingereza, namba zetu zinafuatana. Pale hakuna msemaji wa asili.

Septemba ikaisha, muhula ukafungwa, na ndipo nikagundua kwamba wakala hailipi Oktoba. Ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa nne, kwa maneno ambayo Kiingereza changu chote cha TOEIC hakikuyaona. Mwalimu wa Kifilipino alishangaa kwamba nimeshangaa. Nilikuwa nimetuma fedha nyumbani kwa ajili ya bati za mama, nimebaki na baht 1,900. Kwa siku kadhaa nilikula roti moja asubuhi nikaiita kufunga. Paa hakuuliza. Aliniletea sahani saa ya mchana, nilipotaka kulipa akatoa chini ya meza daftari la shule lenye jalada la paka, akaandika mstari. Nilimwangalia anavyoandika. Ukurasa ulikuwa na fundi pikipiki, nesi, mwalimu wa hesabu, na sasa Mwalimu Mbuzi, baht 40. Mgeni hakopeshwi. Mgeni anaweza kuondoka usiku. Nilikula ile sahani polepole sana.

Oktoba hiyo ndiyo nilipozoea kumpigia mama saa nne usiku, *si thum*, kwao saa kumi na mbili jioni, kabla hajaingia magharibi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, huko saa ngapi? Nne. Mbona hulali? Nalala sasa hivi. Umekula nini? Wali. Wali tena! Aliwahi kuniuliza hao watu wanajua kupika nazi, nikamwambia wanakunia juu ya sungura. Alikata simu akidhani mtandao umeharibika.

Novemba mvua za upande ule zikaanza, wakati sehemu nyingine za nchi ndiyo zinakauka. Bado sijasema habari ya pikipiki. Paa na mumewe walikuwa na shamba la mpira nyuma ya mji, kama nusu ya majirani. Mpira hugemwa usiku, utomvu unapotiririka vizuri kwa ubaridi, kwa hiyo saa nane za usiku, *ti song*, pale ambapo saa zao zimeshaachana na zetu, mtaa mzima ulikuwa unawasha pikipiki kwa pamoja na kuondoka na taa za kichwani. Usiku wangu wa kwanza niliruka kitandani nikajua tumevamiwa. Nikabana mlango kwa kiti. Mwezi mzima niliamka kila *ti song* nikihesabu pikipiki, ya Paa ikiwa ya mwisho, maana ina bomba la moshi lililotoboka. Baadaye sikumbuki ni lini niliacha kuzisikia.

Jumapili moja usiku niliamka ghafla. Saa ya simu ilionyesha nane na robo. Nilikaa kitandani nikijiuliza kimeniamsha nini, sisikii kitu. Hakuna pikipiki iliyopita. Nikasubiri ile yenye bomba lililotoboka, haikuja. Kisha nikasikia juu ya bati, nyembamba bado, mvua. Mpira haugemwi kwenye mvua, maji yanajaa vikombe.

Shati langu la njano la Jumatatu lilikuwa kwenye kamba. Nikashuka kuanua. Nilimkuta Paa uani na tochi kichwani, ameshaanua lake na langu, anapapasa gizani kutafuta kibanio kilichodondoka.